Re: Chumba cha bati hakilaliki, feni inapuliza moto

Mkuu, habari. Unasema feni ya juu iko namba tano, saa sita usiku bado unatota jasho. Nimepanga Manzese miaka minne, naijua hiyo.

Kwanza panda kiti, gusa dari. Ikiwa ya moto, hiyo feni inakushushia joto la bati tu. Tafuta ya kusimama, iweke dirishani ikitazama nje, fungua mlango, itoe hewa moto kama nusu saa. Ndipo uigeuze.

Mimi nilikuwa naloweka khanga, naikamua, najifunika. Februari Dar unyevu mwingi, haipoozi sana, ila usingizi unakuchukua (godoro litanuka, lianike asubuhi). AC sijawahi kumiliki, hapo wengine watakujibu.