Usianze na kitabu, anza na daftari: ushauri kwa wanaosoma shajara za wasafiri wa Kiskoti

Tangu mazungumzo yangu kuhusu Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesafiri na mwili wa Livingstone hadi pwani, yarushwe redioni mwezi uliopita, simu yangu haijatulia. Asanteni nyote mliopongeza. Ujumbe ulionigusa zaidi ni wa kijana mmoja wa Kindu, Kongo: "Shikamoo mwalimu. Na mimi nataka kuandika historia ya misafara kwa Kiswahili, nitumie shajara za wazungu. Nianze na kitabu gani?"

Marahaba, mwanangu. Usianze na kitabu. Anza na daftari.

Najua wengi mnaosoma hapa mna hamu hiyohiyo, ndiyo maana nalijibu hadharani.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Mnara wa Livingstone na Stanley tulikuwa tukiupita tukienda shule, wageni wakipiga picha chini ya miembe kisha wakaondoka. Darasani tuliambiwa kuwa mzungu mmoja alimkuta mwenzake hapa mwaka 1871, basi. Nani alibeba mizigo, nani alipika, nani aliijua njia, halikuwa swali la mtihani. Mimi swali hilo sikuliacha. Nilipoanza kufundisha nikatafuta shajara za mwisho za Livingstone, zile alizozihariri rafiki yake Horace Waller na kuchapwa London mwaka 1874, na nikakuta watu wetu wamejaa humo.

Nikupe mfano mmoja. Agosti 1872 Livingstone yuko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, anasubiri wapagazi kutoka pwani. Halima, mpishi wake, anagombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, anafungasha na kuondoka. Baadaye anarudi mwenyewe, lakini haingii. Anasimama nje. Anachotaka ni mzee atoke amwambie, "Ingia." Livingstone anatoka, anamwambia aingie na wasigombane tena, kisha anampa kitambaa kizito cha baridi ajue kwamba hana kinyongo naye. Siku hiyo anaandika kuwa wakifika Zanzibar atampa Halima uhuru wake na kumnunulia nyumba na shamba. Hawakufika naye Zanzibar akiwa hai. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Nani kati yenu aliwahi kufundishwa habari za Halima? Niliandika makala juu yake na juu ya wapagazi, nikaipeleka kwa mhariri wa gazeti moja. Jibu lilikuwa mstari mmoja: habari za Livingstone zimechosha, na wapagazi hawauzi gazeti. Iliniuma, na sifichi, bado inaniuma. Makala haikuwa ya Livingstone. Ilikuwa ya mwanamke aliyesimama nje ya nyumba akidai heshima yake, na akapewa.

Sasa kwa nini nasema daftari kabla ya kitabu? Kwa sababu kati ya daftari la njiani na kitabu cha dukani kuna mikono mingi, na inayokatwa mara nyingi ni ile sehemu unayoihitaji wewe. Hata wazungu wenyewe walipotembea kwao ilikuwa hivyo. Mwaka 1773 James Boswell, wakili wa Edinburgh, alimchukua Samuel Johnson, mwandishi mkubwa wa London, wakazunguka milima na visiwa vya magharibi vya Uskoti. Boswell aliandika njia nzima, na Johnson alikuwa akiyasoma maandishi hayo safarini. Kitabu kilitoka mwaka 1785 kikiwa kimepunguzwa. Maandishi yenyewe yalikuja kugunduliwa katika karne ya 20 kwenye kasri moja Ireland, yakachapwa mwaka 1936. Ila jambo moja nampongeza Boswell: Inverness walipochukua farasi, aliandika majina ya wenyeji wawili waliotembea nao kwa miguu, John Hay na Lauchland Vass. Wangapi huku kwetu walitajwa namna hiyo?

Mungo Park, msafiri mwingine wa Kiskoti, naye aliweka maandishi yake ndani ya kofia. Mwaka 1796 majambazi walimvua karibu kila kitu huko Afrika Magharibi, lakini kofia wakamrudishia, na kazi yake ikapona. James Bruce, naye Mskoti, alikaa muda mrefu mno kabla ya kuchapisha: alifika kwenye chimbuko la Naili ya Buluu mwaka 1770, kitabu chake kikatoka 1790, na kufikia hapo wasomi wengi wa London walishamtilia shaka.

Lakini daftari lililonifundisha kuliko yote ni la Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, mkoa wa Maniema huko kwa yule kijana. Mwaka 1871 Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti kuukuu la London, The Standard la Novemba 1869, akaligeuza upande na kuandika akiyakata maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kutoka mmea wa hukohuko. Wino ulififia hadi kurasa nyingi zikawa hazisomeki. Ni mwaka 2011 ndipo watafiti, kwa kuzipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, waliweza kulitoa gazeti nyuma na kuyaacha maneno ya Livingstone peke yake. Picha hizo zipo bure kwenye tovuti ya Livingstone Online.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara ya watumwa waliwafyatulia risasi watu sokoni Nyangwe. Wengi waliokuwepo walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, mto ukawachukua. Livingstone alinukuu makisio ya Waarabu kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Baadaye alinakili habari hizo kwenye shajara yake kubwa, na ndiyo iliyoingia kitabuni. Watafiti walipolinganisha waligundua tofauti, hasa pale anapowazungumzia watu wa msafara wake mwenyewe. Aliporudia kuandika, alirekebisha. Mimi nilikaa na kurasa zile usiku, watoto wamelala, nikisoma mstari kwa mstari, bando likiisha naongeza. Hakuna aliyenilipa, na hakuna aliyenituma. Leo wanaoandika utafiti wananipigia kuniuliza, na nawajibu.

Kwa hiyo linganisheni. Usinukuu kitabu kabla hujaangalia kama daftari lipo. Likiwepo, linganisha.

Halafu tafuta majina, na uyaandike. Jacob Wainwright aliokolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Nasik, India, akaandika shajara yake mwenyewe. Ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1874, na leo daftari lake liko Blantyre ya Uskoti, mji aliozaliwa Livingstone. Humo unaisoma safari ya mwili wa Livingstone kutoka kwa mtu aliyetembea nao, zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, mwanamaji wa Kiingereza, akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa, wakaendelea. Huo ulikuwa uamuzi wao, si wa mzungu yeyote, na ndiyo maana Aprili 1874 kulikuwa na jeneza la kuzika Westminster Abbey. Wainwright alikuwa mmoja wa waliolisindikiza jeneza. Chuma na Susi, viongozi wa msafara, walipelekwa Uingereza mazishi yameshapita.

Walimu wenzangu, nawasihi. Acheni kuwakaririsha watoto kwamba Stanley alisema nini Ujiji. Wachapishieni ukurasa wa tarehe 15 Julai 1871 kutoka kwenye daftari, na ukurasa wa siku hiyohiyo kutoka kitabu cha 1874. Tafsirini pamoja, polepole, hata ikichukua vipindi viwili. Kisha waambieni wapige mstari chini ya kila kilichomo kwenye kimoja na hakimo kwenye kingine, na kando ya kila mstari waandike ni nani anayehusika.