Fundi Akiiva Anaondoka: Nifanyeje?

SWALI: Hujambo mama? Nina duka la kushona sare za shule hapa Kibuye, Kisumu. Kila ninayemfundisha akishaiva, anahama. Juzi nilimwongezea fundi wangu mshahara, na bado akaenda kufungua kibanda chake Kondele. Sasa anataka barua ya kuonyesha alifanya kazi kwangu. Nimemnyima. Niwafanyie nini hawa watu wakae?
Mama Sare, Kisumu

JIBU: Sijambo, dadangu. Huyo hajaacha kushona, amekuacha wewe. Mwaka 1993 watafiti Meyer, Allen na Smith waliwachunguza wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, wakaonyesha kwamba kushikamana na kazi na kushikamana na mwajiri ni mambo mawili tofauti. Wakatenganisha pia anayekaa kwa kupenda, anayekaa kwa kuona ana deni, na anayekaa kwa kuwa kuondoka kutamgharimu. Nyongeza yako, kwa maoni yangu, ilimgusa huyo wa tatu tu, naye alipopiga hesabu ya Kondele akaona inalipa zaidi.

Nilisimamia mafundi Eldoret miaka mingi. Tulikuwa na mmoja ambaye kola yake ungeigeuza ndani nje usijue upande. Shati likirudi na kasoro, aliitwa mbele ya wenzake. Mwalimu mkuu akisifu kazi, sifa ziliishia ofisini kwa bosi. Mshahara haukuwa mbaya, lakini tarehe ya kulipwa hakuna aliyeijua. Alipoondoka bosi alishangaa. Sisi wengine tulikuwa tunamngojea tu aage.

Kwa hiyo nikuulize: mafundi wako unawalipa kwa siku hata baada ya mwaka mzima? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi ahesabiwe kama wa mshahara wa mwezi, na akitimiza miezi 12 ana haki ya likizo ya siku 21 yenye malipo. Wape mkataba, tena wape na tarehe ya malipo isiyosogezwa. Mteja akija kupimwa, mwache azungumze na fundi mwenyewe, wewe kaa pembeni. (Najua itakuuma.)

Barua mpe wiki hii. Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinakulazimisha, maadamu alikaa kwako wiki nne mfululizo au zaidi. Halafu shule zikikaribia kufunguliwa Januari na oda zikakulemea, mpelekee vitambaa huko Kondele, umlipe kwa kipande.