Nyumba yangu ya Kigamboni itazame wapi?

Swali: Shikamoo msanifu. Nina kiwanja Kigamboni, mita 20 kwa 30. Upande wa mita 20 ndio unaopakana na barabara, nao uko magharibi. Mbele kuna mwembe mkubwa. Fundi ameniletea ramani ya nyumba pana inayotazama barabarani, sebule na vyumba viwili vikiwa mbele, vioo kuanzia sakafuni hadi kwenye lenta. Anasema tuanze kwa kukata mwembe. Tuendelee?

Jibu: Marahaba. Mwembe uacheni, na ramani mrudishie fundi.

Ukijenga hivyo, ukuta mrefu kuliko yote utapigwa na jua la kuanzia saa tisa alasiri hadi linapozama, na vyumba vyenu vya kulala vitakuwa vimeshiba joto wakati mnapanda kitandani. Upenu hausaidii huko. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka mno, kiasi kwamba upenu wa mita moja hautii kivuli hata nusu mita ya ukuta.

Kaskazini na kusini mambo ni tofauti. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi, na upenu wa mita moja hutia kivuli mita 1.7 za ukuta. Desemba huhamia kusini, lakini huwa juu zaidi, na upenu huohuo hufunika mita 3. Dirisha la kawaida linapona pande zote mbili, bila pazia wala kiyoyozi.

Bahati yako ni kwamba kiwanja chenyewe kimelala mashariki-magharibi. Igeuze nyumba ikifuate: upana wa mita 7 au 8, vyumba katika mstari mmoja, baraza upande wa kaskazini. Barabarani patazame ukuta mfupi wenye kidirisha chembamba tu. Najua mafundi wetu wanapenda "mbele" ya nyumba kuliko nyumba yenyewe, lakini mgeni akiingia kwa kupitia barazani hapotei.

Kila chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, kaskazini na kusini. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki miezi ya joto, Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Kwa hiyo isogeze nyumba kuelekea mpaka wa kusini ili uwanja mkubwa ubaki upande wa kaskazi, ila mwachie kusi njia. Na hapa ndipo wengi wanapojiharibia: wanapangilia madirisha vizuri, halafu wanazungushia fensi ya tofali tupu inayozidi kimo cha mtu. Nusu ya juu ya fensi jenga kwa matofali yenye matundu.

Kama kiwanja kiko ufukweni, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka baharini. Chumvi nayo hula nondo, kwa hiyo zege lizifunike vizuri.

Mwembe ndio utakaokinga ule ukuta mfupi wa magharibi. Anzisha msingi nje ya mwavuli wa matawi yake, na upande huo usiweke mfereji wa bati; majani yataujaza kila wiki.