Upawa wa risasi usikushinde mkono

Huku kwetu Dunga, Kisumu, nayeyusha risasi, ile metali nzito na laini, si ya bunduki, nyuma ya nyumba kwa ajili ya chubwi, yaani vizito vya kuzamisha nyavu. Risasi yenyewe naitoa kwa watu wa panchari: vile vipande vinavyogongewa ukingoni mwa rimu ili gurudumu lisitetemeke. Huja na mafuta, mchanga na vishikizo vya chuma, kwa hiyo kazi yangu ni ya mara mbili. Kwanza nayeyusha vyote kwenye karai, naengua uchafu, kisha namimina risasi safi kwenye kalibu za chuma ipate kuwa miche ya kilo moja moja, mfano wa miche ya sabuni. Chubwi nazisubu siku nyingine kutokana na miche hiyo.

Vijana wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza habari za jiko na karai. Upawa hawauulizi. Wanachukua wowote ulioko jikoni kwa mama. Nami nakaa nao chini, kwa sababu katika vyombo vyote vya kazi hii, upawa ndicho kimoja kinachotembea na moto ukiwa umekishika.

Upawa wangu wa kwanza ulikuwa wa alumini, mpana, wa kupakulia supu. Nilijiambia kadiri unavyobeba nyingi ndivyo nitakavyomaliza mapema. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 na alumini kwenye 660, kwa hiyo nikaona niko salama. Nilichokuwa sijui ni kwamba alumini hulegea kabla haijafika kuyeyuka, na chini ya karai langu makaa yalikuwa yanavuma. Safari ya nne au ya tano shingo ya upawa ikapinda. Risasi ikamwagika ardhini, na ardhi ilikuwa imenyeshewa jioni ya jana yake. Ikaruka kama mafuta ya mandazi yaliyoingiwa na maji. Muundi wangu wa kushoto una alama mpaka leo, na ninashukuru ni muundi, si jicho.

Siku hiyo nilijifunza kupiga hesabu. Ujazo wa risasi unakidanganya kichwa, maana ni nzito mara kumi na moja kuliko maji. Upawa wa supu unaobeba mililita 250, sawa na kikombe cha chai, ukijaa risasi iliyoyeyuka unabeba zaidi ya kilo mbili na nusu. Uzito huo hauko kiganjani. Uko kwenye ncha ya mpini, mbali na mwili. Ukitaka kujua maana yake, funga pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 40, ushike ncha ya pili kwa mkono mmoja, uhesabu hadi sitini huku ukijaribu kuiinamisha polepole. Mkono utakujibu.

Kwa hiyo anza na kalibu, halafu upawa uifuate. Mche wa kilo moja unahitaji risasi ya moto kama mililita 94. Upawa wa mililita 120 unautosha kwa mmimino mmoja bila kuujaza hadi mdomoni. Upawa mdogo sana nao ni tatizo: unamimina mara mbili, ile ya kwanza imeshaanza kuganda, na mche unatoka na tabaka. Ukitaka kupima ujazo, tumia mchanga mkavu badala ya maji.

Wa kwangu wa sasa ulichomelewa na fundi wa Kamas. Nilipeleka kipande cha paipu nyeusi, kipenyo cha ndani sentimita 5, kina sentimita 6, kikazibwa chini kwa bamba la milimita 3. Ni mdogo, ukiuona utaudharau. Lakini kuta zake nene zinashika joto, na risasi haigandi mdomoni ninapotoka kwenye karai kwenda kwenye kalibu. Hakikisha paipu si ile ya maji iliyopakwa zinki. Zinki ikiingia kwenye risasi, hata kidogo, inaharibu mtiririko, na mche unatoka na uso wa mikunjo. Kopo la rangi lililofungwa waya usilifikirie kabisa. Na chochote kilichounganishwa kwa lehemu kiache, maana lehemu ya kawaida huachia kabla risasi haijayeyuka.

Upawa wa stenlesi wa dukani unafaa kama shina na kichwa ni kipande kimoja. Mwingi umeshikizwa kwa vidoti viwili vya kuchomelea, na hapo ndipo utakapokatikia.

Mdomo nao nataka tuuzungumze vizuri. Upawa wa mviringo usio na mdomo humwaga kwa upana, na tone la mwisho hurudi chini ya tumbo la upawa. Mwambie fundi agonge mdomo mwembamba wenye ncha, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Ndugu yangu hutumia mkono wa kushoto, na upawa wangu ulikuwa unamlazimisha kugeuza kiwiko hadi akawa anamimina kuelekea miguuni mwake. Tukamtengenezea wake. Kama una pesa ya ziada, omba pia kibamba kidogo kichomelewe ndani mbele ya mdomo, kiache nafasi chini tu. Kinafanya kazi ya birika: majani yanabaki juu, chai inatoka chini. Uchafu unaoelea hauingii kwenye mche.

Mpini uwe wa chuma cha pande nne. Nondo ya mviringo huzunguka ndani ya glovu, na upawa uliojaa ukizunguka huwezi kuurudisha. Mwisho wake tia mti. Mimi nilitumia mpera.

Halafu unyevu. Kisumu mvua ya jioni haina taarifa, na upawa uliolala chini ya mabati una maji hata kama huyaoni, hasa ukiwa na kutu. Maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,700, na yakiwa chini ya risasi yanairusha yote. Upashe moto juu ya makaa kwanza, kisha uzamishe ukingo taratibu. Risasi iking'ang'ania, bado. Ikiteleza safi, endelea. Kuna mafundi wanaotema mate kupima joto. Tafadhali, usifanye hivyo.

Betri za gari mimi siyeyushi, ingawa nazo zina risasi ndani. Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza 2007 kiliwaachia wakazi risasi mwilini, watoto kwa watu wazima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi haina kiwango salama mwilini, na mtoto ndiye huumia zaidi. Ndiyo maana upawa ukishagusa risasi mara moja haurudi jikoni, hata ukisuguliwa kwa majivu. Wangu nimeupaka mpini rangi nyekundu na kuutundika bandani, juu ya kimo cha mtoto, pamoja na glovu na viatu vya kazi. Mama watoto anajua: chenye mpini mwekundu hakiingii ndani, na mimi mwenyewe siingii kabla sijanawa na kubadilisha shati.