Mama Neema, usimlazimishe mtoto, na usimhonge

Bukavu, Kadutu

Jambo sana Mama Neema,

Ujumbe wako nimeupata, nimeusoma na kuurudia. Unasema Neema, sasa miaka minne, sombe (majani ya muhogo) anaitema, lengalenga (mchicha) anaitoa mdomoni kwa kidole na kuipanga kwenye ukingo wa sahani. Anataka bugali na sambaza, wale samaki wadogo, tu, au viazi vya kukaanga. Baba yake anasema achapwe, mama mkwe wako anasema aahidiwe biskuti, na wewe unaniuliza umsikilize nani.

Mwanangu, wote wawili wanampenda mtoto, lakini kwa hili usimfuate hata mmoja. Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya sombe atameza leo, na kesho akinusa tu harufu yake atakumbuka fimbo. Biskuti nayo inadhuru polepole. Ukimwambia "maliza lengalenga nikupe biskuti," umemfundisha kwamba lengalenga ni kazi na biskuti ndiyo mshahara. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya na watoto wadogo waliopewa kinywaji cha maziwa wasichokizoea. Walioahidiwa zawadi walikunywa, ndiyo, lakini baadaye walikipenda kidogo kuliko mwanzo. Walioachwa wanywe bila ahadi hawakukichukia. Nilipokuwa muuguzi nilikuwa nikiwaeleza akina mama habari hiyo siku za kupima watoto uzito, na wengi walishangaa, kwa maana hakuna nyumba isiyotumia dawa hiyo ya biskuti.

Neema si mkaidi. Kuanzia miaka miwili hivi, mtoto akishaanza kutembea na kuokota kila kitu, huingiwa na woga wa vyakula asivyovizoea, na ulimi wake mara nyingi husikia uchungu kuliko wetu wakubwa. Woga huo unamlinda. Majani mengi yana sumu, na sumu nyingi ni chungu. Hata sombe mbichi ina sumu, ndiyo maana tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu (usikubali kamwe sombe ya haraka haraka kwa sababu makala ya kupikia yamepanda bei). Kwa hiyo mtoto anayetema majani anafanya alichoumbiwa kufanya, na kinachomtoa woga ni kuzoea. Wanaochunguza mambo haya wanasema mtoto huenda akahitaji kuwekewa chakula kilekile mara nane, kumi, hata kumi na tano, ndipo akikubali. Sisi wazazi tunakata tamaa mara ya tatu, tunatangaza mbele yake, "Huyu hapendi mboga," naye anaanza kuishi kwa jina hilo.

Fanya hivi. Wewe chagua cha kupika na saa ya kula, Neema aamue ale kiasi gani. Mwekee lengalenga kijiko kimoja tu, pembeni ya bugali anayoipenda, usiseme neno. Akigusa, sawa. Akiacha, toa sahani bila kununa, na siku nyingine iweke tena. Usimkaangie viazi vyake peke yake baada ya kukataa. Bugali ipo mezani, hatalala njaa. Ila saa za kabla ya chakula usimpe mandazi wala juisi, maana mtoto aliyeshiba hana sababu ya kujaribu kitu kigeni.

Sasa nikuambie lililonigusa zaidi katika ujumbe wako, ingawa uliliandika kwa kupita. Umesema Baba Neema mwenyewe huisukuma sombe kando akiona samaki. Mama, hapo ndipo penye shida kuliko kwa mtoto! Neema anamtazama baba yake anapokula, mkono kwa mkono, tonge kwa tonge. Hakuna maneno yangu wala yako yatakayoshinda anachokiona kwenye sahani ya baba. Mwambie mkwe wangu kwa heshima, mkiwa wawili, mtoto asisikie: kabla ya kufikiria fimbo, yeye ale kwanza, na ale kwa furaha. Akikataa kukusikiliza, mwambie ni mimi nimemwomba.

Upishi nao una neno lake. Lengalenga iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, hata mimi siitaki. Chagua majani machanga, yaoshe kwa maji mengi mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Kaanga kitunguu kwenye mafuta ya mawese kidogo, tia nyanya ilainike, ndipo uingize majani, uyageuze dakika chache yakiwa bado ya kijani. Mafuta hayo mekundu na majani yenyewe ndiyo yanayompa mtoto vitamini A, na bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Ukikamua ndimu juu, madini ya chuma yaliyomo kwenye majani yatamfikia zaidi. Na mpe Neema kazi: akae karibu nawe achambue majani kwenye vijiti. Atachafua, atachelewesha, mwache. Mtoto aliyekishika chakula kikiwa kibichi hakiogopi sana kikiiva.

Wengine hukataa kilicholainika lakini hupenda kinacholia chini ya jino. Huko Goma mna karoti na shu (kabichi) nzuri zinazoshuka kutoka Kibumba. Mjaribie karoti mbichi, lakini imenye na uioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Kipindupindu mnakijua.

Uwanja wenu ni mawe ya volkano matupu, najua, lakini gunia kuukuu lililojazwa udongo linatosha kupandia lengalenga. Neema amwagilie mwenyewe. Baada ya wiki nne hivi anaanza kuchuma.

Kuhusu kiasi, usijitese. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto wa miaka miwili hadi mitano apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, vyote pamoja. Umesema anakula marakuja na anapenda papai. Basi tayari yuko njiani. Usinunue mizani.

Na wewe mwenyewe, kwa kuwa una mimba: ule mboga sasa. Mwaka 2001 watafiti wa Philadelphia walieleza habari za akina mama waliokunywa juisi ya karoti walipokuwa na mimba au wakinyonyesha. Watoto wao, walipoanza kula, waliipokea ladha ya karoti vizuri kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji tu. Ladha inapita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Huyo anayekuja, somo lake limeshaanza tumboni mwako.

Jambo moja la mwisho. Ukiona Neema anapungua uzito, anachoka bila sababu, au viganja na ndani ya kope vimepauka, usingoje azoee majani. Mpeleke kituo cha afya wampime damu. Na kapsuli ya vitamini A, ile ya kila miezi sita hadi mtoto afikishe miaka mitano, asiikose. Lakini kwa jinsi unavyonieleza anavyokimbia siku nzima, sina hofu.

Nisalimie Baba Neema na mama mkwe wako, na Neema mwambie koko, bibi yake, anamkumbuka. Nikipata mtu anayepanda boti kuja Goma, nitampa mbegu za lengalenga akuletee. Tafuta gunia.

Mama yako