Central City: dhahabu ilikuwepo, zebaki haikuikamata

SWALI: Mhariri, salamu. Nimesikia habari za Central City, mji mdogo wa milimani kule Colorado, Marekani, uliosifiwa kuwa maili moja ya mraba tajiri kuliko zote duniani. Lakini haikupita miaka mingi kampuni zikaanguka na dhahabu ingali chini. Ilikuwaje? Nauliza kwa sababu hata kwetu duara (shimo la mgodi) likizama sana, mbale (mawe yenye dhahabu) inaanza kutoa kidogo.
*Msomaji, Chunya*

JIBU: Ndugu yetu, hayo unayoyaona kwenye duara ndiyo yaliyowakuta.

Tarehe 6 Mei 1859 John Gregory alipata mwamba wa dhahabu katika bonde jembamba, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600. Sehemu ya juu ya mwamba ule ilikuwa imeoza. Maji na hewa vilikuwa vimeula kwa muda mrefu mno, ikabaki kutu nyekundu yenye vitundu, na dhahabu ikawa huru. Jiwe la namna hiyo halisumbui: ukilisaga, zebaki, metali ya majimaji inayoshikana na dhahabu, inaikamata. Kila nyundo ya vinu vyao vya kupondea mawe ilikuwa na kilo 250 hivi, ikidondoka zaidi ya sentimita 40, mara 30 kwa dakika, na kusaga kama tani moja kwa siku. Mwendo huo wa polepole ulikuwa wa makusudi, ili unga ulainike vizuri na ukae na zebaki ndani ya sanduku la kinu.

Walipofika kina cha mita 30 hivi, mwamba ukabadilika. Maji na hewa havikuwa vimefika huko, kwa hiyo dhahabu ilikuwa bado imefungwa ndani ya pairaiti (madini ya chuma na salfa) na madini mengine ya salfa. Zebaki haiwezi kushika dhahabu isiyoigusa. Tena salfaidi, yaani madini hayo ya salfa, huiharibu zebaki yenyewe: inapasuka vitone vidogo sana, inavaa utando, haiungani tena, na inatoka na maji pamoja na dhahabu iliyokwisha kuikamata. Zaidi ya nusu ya dhahabu, pengine robo tatu, ikawa inapotea. Mwaka 1864 hisa za migodi hiyo zikaporomoka New York, na kila mwenye mtambo wa ajabu akapanda mlimani kuuza dawa yake.

Vitabu vingi humsifu Gregory. Sisi tunaona aliyeuokoa mji ni Nathaniel Hill, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Brown, kwa sababu hakubahatisha. Alipeleka tani kadhaa za mbale hadi Swansea, Wales, kwa mafundi wa kuyeyusha shaba, zikajaribiwa kwanza. Ndipo mwaka 1868 akawasha tanuri Black Hawk, bondeni chini kidogo ya Central City.

Mbale ilichomwa kwanza kwa kuni ili salfa ipungue, lakini isiishe. Ikiisha yote, mati, yaani shaba iliyoshikana na salfa, haipatikani. Ikibaki nyingi, mati inajaa chuma na shaba inakuwa kidogo. Kisha iliyeyushwa. Mawe yalielea juu, na mati ikazama chini ikibeba dhahabu na fedha. Shaba ndiyo mbebaji, hivyo mbale isiyo na shaba ilichanganywa na iliyo nayo. Gharama kubwa ilikuwa kuni. Milima ikabaki upara, na mwaka 1878 kiwanda kikahamia Argo, karibu na Denver.

Kwako Chunya: mbale ikiacha kuwa na kutu, ikawa ngumu na yenye kumetameta, na ukiichoma ikinuka kiberiti, kuongeza zebaki ni hasara juu ya hasara. Ipimwe maabara kwanza. Ikinuka kama kitunguu saumu, acha kuichoma mara moja. Hiyo ni aseniki, sumu kali. Na marudio (mabaki ya mbale iliyokwisha kusagwa) yenye zebaki yasitiwe sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, maana zebaki nayo huyeyuka na kuingia majini.

SWALI: Kumebaki nini Central City leo?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Majengo ya mawe na matofali. Moto wa tarehe 21 Mei 1874 uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa mbao, ukajengwa upya, na mwaka 1878 jumba la opera likafunguliwa. Hoteli ya Teller House, ambako Rais Grant wa Marekani alitandikiwa matofali ya fedha akanyage mwaka 1873, ilinusurika. Tangu 1991 mji unaishi kwa kamari halali.

Salfa nayo ipo. Handaki la Argo, la kilomita 6.7 kutoka mji jirani wa Idaho Springs, lilichimbwa kuanzia 1893 hadi 1910 ili kutoa maji migodini. Mwaka 1943 wachimbaji walilipua ukuta uliozuia maji ya mgodi wa zamani. Wanne wakafa, handaki likafungwa. Pairaiti ikikutana na maji na hewa hutoa asidi, na maji yale bado yanatiririka yakiwa na madini. Tangu 1998 kuna mtambo mlangoni unaoyasafisha kabla hayajaingia mto Clear Creek.