Mama ana betri ya moyo, mahali pake pamevimba na ana kwikwi: angalieni ngozi na waya kwanza

Dada, pole sana. Kwa faida ya wengine nirudie ulichouliza: mama ana miaka 78, kawekewa pesimeka (ndiyo hiyo betri ya moyo, kifaa kinachousaidia moyo kupiga) wiki tano zilizopita, yuko kijijini. Uvimbe wa kifua cha kushoto ulishaanza kupungua, sasa umerudi na una joto. Tangu juzi ana kwikwi zisizokoma na kizunguzungu akisimama. Duka la dawa limempa antibayotiki za siku tano, na wewe unahofia betri imekwisha.

Mpeleke hospitali leo, usisubiri dozi iishe. Mengine nitaeleza ili ujue cha kuwaambia mkifika.

Betri haiishi kwa wiki tano. Kwa kawaida hukaa miaka 8 hadi 12, na ikikaribia mwisho kifaa chenyewe hutoa ishara miezi kadhaa mapema, inayoonekana kliniki. Familia nyingi huogopa betri, lakini taabu ya miezi ya kwanza karibu yote hutoka kwenye mfuko uliotengenezwa chini ya ngozi na kwenye waya uliopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo.

Tuanze na ngozi. Uvimbe wa siku za mwanzo mara nyingi ni damu iliyovilia, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin au clopidogrel. Huo hupungua wiki hadi wiki. Uliopungua ukarudi, na wa moto, ni wa kuhofia. Kwa ngozi yetu nyeusi usikae kusubiri wekundu. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya kifaa, kisha upande wa kulia mahali palepale, ulinganishe joto. Tazama kwa mwanga wa dirishani kama ngozi inang'aa, imekuwa nyembamba, imeongezeka weusi, au imegandana na chuma kiasi kwamba haitelezi juu yake. Tone moja tu la majimaji au usaha, au kona ya kifaa kuchungulia, hesabu kuwa ni maambukizi hata kama hana homa.

Hapa nasisitiza kwa sababu ndipo wagonjwa wanapoumizwa kwa nia njema: mtu yeyote asichome sindano kwenye uvimbe huo ili kunyonya maji. Sindano hupeleka vijidudu vya juu ya ngozi moja kwa moja kwenye chuma. Chuma na plastiki havina damu inayopita ndani yake, kwa hiyo vijidudu hujenga utando juu yake na dawa haivifikii. Ndiyo maana vidonge hutuliza joto kwa wiki moja, halafu uvimbe unarudi palepale, na safari hii vijidudu vinaweza kuwa vimeshafuata waya hadi ndani ya moyo. Mfuko ukishaambukizwa kweli, tiba ni kutoa kifaa pamoja na waya wake, kumpa dawa za mshipa, kisha kuweka kipya upande wa pili. Inatisha kusikia, najua. Lakini waya wa wiki tano hutoka kwa urahisi kuliko waya wa miaka mitatu ulioshikamana na mshipa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa. Kuna kipele kidogo cha uzi wa kushonea, juujuu tu, ambacho hakihitaji yote hayo, ila anayetofautisha ni daktari akimwona, si sisi kwa maelezo.

Kwa sababu ameshameza antibiotiki, beba boksi lake na uandike saa ya kidonge cha mwisho. Waombe wachukue damu ya kuotesha vijidudu, angalau mara mbili na kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya kuanza dawa nyingine. Dawa ikitangulia, kipimo kinaweza kutoka safi wakati mgonjwa anaumwa. Na dawa ya kuzuia damu kuganda, kama anayo, msiikatishe wenyewe.

Sasa kwikwi. Ncha ya waya hukaa kwenye chumba cha chini cha moyo upande wa kulia, na chini yake tu kuna msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo. Waya ukihama, au ukipenya ukuta wa moyo, umeme unaweza kugonga msuli huo. Mkalishe mama dakika tano atulie. Weka kiganja chini ya mbavu zake, na vidole viwili vya mkono wako mwingine kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wake, upande wa dole gumba. Mwenzako ashike saa. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Kama tumbo linaruka kwa mpangilio uleule, tuseme mara 60, wakati mshipa unapiga 40, basi umeme unatoka lakini moyo hauupokei. Hiyo ni dharura, na inaeleza kizunguzungu pia. Mapigo yakiwa sawa na kiwango cha chini kilichopangwa kwenye kifaa chake, mara nyingi 60, kuna nafuu kidogo, ila bado anahitaji kupimwa. Tahadhari moja: mapigo ya ziada huweza kufanya mshipa uonekane unapiga pole kuliko moyo wenyewe, kwa hiyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndiyo yenye neno la mwisho.

Kizunguzungu kinaweza pia kutoka kwenye vidonge vya presha au kutokunywa maji. Mpime presha amelala, kisha akiwa amesimama dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mwambieni daktari.

Hospitali ya wilaya yenye ECG na eksirei inatosha kuanzia. Eksirei ya kifua ipigwe kwa mbele na kwa ubavu, ilinganishwe na ile ya baada ya upasuaji, kwa hiyo itafute. Kusoma kifaa chenyewe ni jambo jingine: kila kampuni ina mashine yake na haisomi vifaa vya kampuni nyingine. Kabla ya kulipa nauli ya kwenda mbali, piga picha kadi yake ya pesimeka yote, yaani kampuni, modeli, namba ya kifaa na tarehe, kisha mpigie simu kliniki iliyomwekea, au kituo kikubwa cha moyo kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili, Dar es Salaam, uulize kama mashine ya kampuni hiyo ipo.

Muulizeni mama kwa upole, bila kumlaumu, kama ametwanga au amebeba ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kwa wiki sita za mwanzo kiwiko cha kushoto hakitakiwi kupanda juu ya bega. Lakini msimfunge mkono kwenye kitambaa siku nzima, bega litakakamaa. Ausogeze taratibu chini ya usawa huo. Wazee wengine, hasa wanaoanza kusahau, hukigeuzageuza kifaa kwa vidole bila kujua, waya unajizungusha kama uzi kwenye kibiringo hadi unachomoka. Blauzi yenye shingo ndefu husaidia kuliko kumkemea.

Simu ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa, kwa hiyo asiiweke ndani ya sidiria upande huo. Redio, televisheni na jiko la gesi havina neno.

Kabla hamjatoka nyumbani, chora kwa kalamu ya wino mpaka wa uvimbe kwenye ngozi na uandike saa pembeni, ili daktari wa zamu ya pili aone kama umeongezeka. Mkifika mapokezi usiseme tu mama ana kizunguzungu, mtapangwa foleni. Sema: mama ana pesimeka ya wiki tano, mahali pake pana joto na uvimbe, ana kwikwi, na mapigo yake ni haya. Mpe mhudumu karatasi uliyoandikia hesabu.